Bluu ya Shangazi: shajara ya ukuta mmoja, Moshi

12 Juni

Shangazi amekubali. Ukuta wa mgahawa wake pale Mbuyuni, ule unaokupokea ukiingia tu, sasa ni wangu: upana mita 4 na nusu, kimo mita 2 na sentimita 60. Vifaa vyote juu yake, na chakula cha mchana mpaka kazi iishe. Kuhusu pesa amesema "tutaongea", na anayemjua shangazi yangu anajua hiyo "tutaongea" ina maana gani.

Anataka nimchoree Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikamwonyesha picha kwenye simu: theluji juu, kijani chini, twiga mbele. Akanirudishia simu bila hata kuikuza picha.

"Baba, huo mlima wa wageni. Mimi nataka ule ninaouona alfajiri nikitoka kuwasha jiko. Jua bado, theluji yenyewe haijawa nyeupe. Mlima mzima bluu. Unaujua?"

Naujua. Kila aliyewahi kudamka Moshi kuwahi basi anaujua. Unadumu robo saa hivi, saa kumi na mbili na kidogo, halafu jua linashika kilele na mambo yanakuwa ya kalenda. Ile bluu ni nzito, na haing'ai hata kidogo. Ukiitazama sana unahisi ukinyoosha mkono utazama hadi kwenye kiwiko.

Nimeandika mabango miaka 11: saluni, bucha, maduka ya simu, ubavu wa daladala. Bluu nimemimina kwa ndoo. Hiyo ya alfajiri sijawahi kuipata.

15 Juni

Nimeanza na kitu cha dukani. Rangi ya maji, lita 4, imechanganywa na mashine mbele ya macho yangu. Nimepaka kipande cha hadibodi, nikakiegemeza ukutani. Shangazi kapita na sinia la vitumbua, katupa jicho moja: "Bwawa la kuogelea hilo."

Sikumbishia. Bluu iliyoenea kuliko zote kwenye rangi za viwandani ni ya fathalosianini, yenye shaba ndani yake, na ina tabia ya kuvutwa upande wa kijani. Ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1928, kwenye kiwanda cha Grangemouth, Uskoti, bitana ya kioo ya tanki moja ilipasuka, kemikali zikagusana na chuma cha nje, wafanyakazi wakakuta uchafu wa bluu wasioutarajia. Kufikia 1935 ile ya shaba ilikuwa inauzwa. Ni rangi imara, haipauki kwa jua, kwa bango la barabarani siibadilishi kwa nyingine. Ila mlima wa alfajiri hauna kijani ndani yake. Ukiutazama vizuri una wekundu kidogo, kama zambarau inayokaribia kuiva.

18 Juni

Leo nimekumbuka kitu cha kijinga.

Bibi alikuwa na kibunda cha kitambaa, amefunga ndani yake bluu ya kufulia. Yeye aliita nili. Maji ya mwisho ya kusuuzia mashati yetu ya shule alikuwa anakichovya mara mbili tatu, maji yanageuka kama anga, mashati yanatoka meupe ya kutia kizunguzungu. (Nguo nyeupe ikizeeka huingia unjano, bluu kidogo inaufuta huo unjano machoni.) Mafundi wa zamani walitia hiyo hiyo kwenye chokaa ya ukutani, kwa sababu ile ile.

Nimeenda genge la pili kutoka kwa shangazi, nikanunua pakiti mbili za chapa tofauti. Nikafungua moja, nikamwaga kiganjani.

Sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha turubai, kuna mapipa ya mafuta ya kupikia, kuna mtu anapima dagaa, na kwenye kiganja changu kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa na uso. Ukitazama rangi ya kawaida, jicho linafika juu yake na kusimama. Hili halikusimama. Unga umekaa kwenye mistari ya kiganja na ile mistari imepotea, kama vile pale katikati mkono umetobolewa na upande wa pili kuna jioni. Muuza genge akaniuliza kama nina tatizo.

Ndiyo hiyo. Bluu ya shangazi, na bei yake haifiki nauli ya daladala.

20 Juni

Kabla ya kufurahi, jaribio. Bluu ya kufulia inaweza kuwa ultramarini hasa, ile bluu ya wachoraji wa zamani, au ikawa rangi nyingine ya kemikali iliyochanganywa na chumvi. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Ultramarini inastahimili chokaa, inastahimili jua, lakini asidi inaiua. Nikachukua vifuniko viwili vya soda, unga kidogo kila kimoja, nikakamulia ndimu.

Pakiti ya kwanza: hakuna kilichotokea. Imekuwa uji wa bluu, basi.

Pakiti ya pili: dakika chache tu ukingo ukaanza kupauka, ukawa kijivu, ukawa karibu mweupe. Na harufu! Yai viza, mchana kweupe, ndani ya mgahawa. Binti wa shangazi akanifukuza na ufagio.

Harufu hiyo ndiyo cheti. Bluu ya ultramarini haitokani na shaba wala kobalti kama bluu nyingi. Inatokana na salfa, ile ya njano. Chembe tatu tatu za salfa zimefungiwa ndani ya vizimba vidogo vya alumini, silikoni na oksijeni, pamoja na sodiamu. Zikiwa mle kizimbani zinameza mwanga wa rangi ya chungwa na kuturudishia bluu. Asidi ikivunja kizimba, salfa inatoka kama gesi ya yai bovu na bluu inakufa papo hapo.

Nimerudi gengeni, nimenunua pakiti 30 za hiyo ya pili. Muuzaji kaniuliza kama nafungua dobi.

24 Juni

Mlima haujatoka siku ya nne. Moshi ya Juni ndiyo hii, wingu asubuhi, wingu jioni. Nimekaa kusoma.

Jina ultramarini ni la Kilatini, maana yake "ng'ambo ya bahari". Wazungu waliita hivyo kwa kuwa ilikuja kwa meli. Jiwe lake, lapisi lazuli, lilichimbwa Sar-i Sang, mkoa wa Badakhshan, Afghanistan, kwenye milima ambako watu wamelichimba kwa zaidi ya miaka 6,000. Jina la Kiajemi la jiwe hilo, lajward, ndilo lililozaa neno la bluu kwenye lugha nyingi: Waspanyola wanasema azul. Sisi tukachukua samawati kutoka mbinguni na nili kutoka kwenye mmea, bluu ikaja baadaye na ndiyo imeshinda. Shuleni nilichapwa kwa kuandika "bluu" badala ya "samawati". Yameisha hayo.

Kusaga jiwe peke yake hakutoshi, maana lina mawe mengine ndani yake, ukisaga unapata kijivu. Fundi wa Italia aitwaye Cennino Cennini aliandika njia yake karibu mwaka 1400: unga wa jiwe unakandwa ndani ya donge la utomvu wa msonobari, ulimbo wa mastiki na nta ya nyuki. Donge linakaa siku tatu na usiku wake, halafu linakandwa na vijiti viwili ndani ya maji ya majivu. Bluu inashuka chini ya bakuli, uchafu unabaki kwenye donge. Mkando wa kwanza unatoa bluu bora, wa pili hafifu kidogo, wa mwisho ni majivu matupu. Nilivyosoma nikamwona mama akikamua tui: la kwanza kando, la pili kando, chicha kuku.

Kwa kazi hiyo yote, na safari ile, bluu hiyo ilishindana bei na dhahabu. Mikataba ya uchoraji ilitaja kabisa ni bluu ya daraja gani itumike, kwa kawaida kwa vazi la Bikira Maria. Vermeer, Mholanzi, alipaka kilemba cha yule msichana mwenye hereni ya lulu, karibu 1665, kwa kitu hicho hicho.

Lakini lililonikamata ni jino. Mwaka 2019 watafiti walitangaza walichokuta kwenye ukoga wa meno ya mwanamke aliyezikwa Dalheim, Ujerumani, mtu wa karne ya 11 au ya 12, kwenye makao ya watawa: chembe za lapisi lazuli. Maelezo wanayoyaona yana nguvu zaidi ni kwamba alikuwa anapamba vitabu, na kila mara alinyoosha ncha ya brashi kwa ulimi. Mimi hufanya hivyo hivyo. Nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki, meno yana rangi ya herufi za bucha.

29 Juni

Ilibidi itokee. Jirani yangu ni dalali wa madini, anashinda kati ya Arusha na Mirerani. Kasikia habari za bluu, kaja na karatasi iliyokunjwa: vipande vya tanzanaiti visivyo na soko, vidogo kama punje za mchele.

"Wewe unahangaika na sabuni wakati bluu ya dunia nzima iko kwetu? Saga hii."

Hoja yake ina uzito wa kizalendo. Tanzanaiti haijapatikana mahali pengine popote zaidi ya vile vilima vya Mirerani, Simanjiro, ukitoka hapa unaweza ukarudi siku hiyo hiyo. Ilijulikana 1967, na mwaka uliofuata Tiffany, wauza vito wa New York, wakaipa jina la nchi. Nikasaga kwenye kinu cha chuma, naye amesimama juu yangu.

Unga ukatoka mweupe. Si bluu hafifu, mweupe kama unga wa muhogo.

Alinitazama kama nimemwibia. Nikamweleza: ndani ya tanzanaiti kilichotia rangi ni vanadi, aina ya metali, kiasi kidogo mno, kwa hiyo mwanga lazima upite safari ndefu ndani ya jiwe zima ndipo bluu ikusanyike. Ukilivunja chembe chembe, safari inakatika. Lapisi ni nyingine, bluu imejaa kila chembe, saga utakavyo. Na nyingi ya tanzanaiti inatoka ardhini ikiwa ya kahawia, inapikwa kwanza kwenye moto wa nyuzi 500 hadi 600 ndipo inakuwa bluu. Hilo analijua kuliko mimi. Akachukua karatasi yake na ule unga pia. Sikuuliza wa nini.

5 Julai

Hapa nakiri upuuzi. Bluu ninayo, pakiti 30. Lakini nikiona kitu kilitengenezwa kwa udongo, magadi, salfa na mkaa, siwezi kulala.

Maana ndivyo ilivyo. Mwaka 1787 Goethe, mshairi wa Ujerumani, alipita karibu na Palermo akaona kwenye kuta za matanuri ya chokaa utandu wa bluu, wenyeji wakiukata na kuutumia kwenye mapambo badala ya lapisi. Mwaka 1824 chama cha kukuza viwanda cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayetengeneza ultramarini isiyozidi faranga 300 kwa kilo. Mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Mwaka huo huo Christian Gmelin wa Tübingen, Ujerumani, akachapisha njia yake mwenyewe, na ugomvi wa nani alitangulia ukaanza. Kwa wachoraji ugomvi haukuwa na maana, maana ndani ya miaka michache bluu ya Bikira ikawa ya dobi.

Kaolini ya Pugu kaniletea rafiki kutoka Dar. Salfa ya unga, ile ya kupulizia mikorosho, kaitoa Masasi mwingine. Magadi nimenunua Mbuyuni kwa mama anayeuzia watu wa maharage, nikayakaanga yatoe maji. Mkaa nimetwanga mwenyewe. Vikombe 2 vya kila kimoja, mkaa nusu kikombe. Vyote vimeingia chunguni, mfuniko umezibwa kwa udongo.

6 Julai

Mamba, njia ya Marangu, kwa wahunzi. Hawa wamefua mikuki na majembe vizazi na vizazi, na moto wao unafika kunakotakiwa, nyuzi 700 na zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chungu kina nini?"

Nikamwambia. Akanusa. "Salfa. Utaniua wanangu?" Mwisho akakubali, kwa masharti: tanuri la nje, upepo ukivumia bondeni, na elfu 15. Tulikaa kwa muda wa saa 6 tukivukuta kwa zamu. Moshi ukapenya kwenye ufa wa mfuniko, wa kuchoma koo, kuku wote wakahamia kwa jirani. Tumekiacha chungu kipoe kwenye majivu mpaka kesho.

7 Julai

Sabasaba. Tumevunja chungu.

Kijivu. Chini kijani kibichi cha ukungu, kama mkate uliolala. Na pembeni kabisa, pale kwenye ufa ambapo hewa iliingia, doa la bluu la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Mzee alilichokonoa kwa kisu, akaliweka kwenye mwanga, akanyamaza muda. Halafu: "Kwa hiyo ilikuwa inataka kupumua."

Ndivyo vitabu vinavyosema pia: moto wa kwanza usio na hewa unatoa ya kijani, ndipo hewa inaruhusiwa polepole, chungu kikipoa, nayo inageuka bluu. Viwandani hilo linachukua siku kadhaa. Mzee alilijua kwa kutazama doa moja. Nimelifunga kwenye karatasi ya nailoni, liko ndani ya pochi yangu.

13 Julai

Sasa tatizo lenyewe. Unga kiganjani ni alfajiri. Unga ukutani unataka kitu cha kuushika, na kila kinachoushika kinauua kwa namna yake.

Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani: imekuwa karibu nyeusi. Nzuri, nzito, lakini ni usiku wa manane, na inang'aa.

Gundi ya mbao iliyotiwa maji: afadhali, ila ikikauka ina ngozi kama plastiki.

Kiini cha yai: unjano wa yai unaivuta kwenye kijani. Tumerudi bwawani.

Gundi ya mgunga: bluu safi kabisa, lakini ukipitisha kitambaa chenye maji inaondoka yote. Mgahawani? Haiwezekani.

Nimewaza kwa nini mafuta yanafanya vile, na jibu liko kwenye kanga. Kanga ikilowa inakolea, ikikauka inapauka, na rangi ni ile ile. Unga mkavu umezungukwa na hewa, mwanga ukifika unarukaruka kati ya chembe na hewa, unatawanyika, unakurudia machoni ukiwa umejaa bluu. Mafuta yanapinda mwanga karibu sawasawa na chembe za ultramarini zenyewe, kwa hiyo mwanga haukuti mpaka wa kurukia. Unaingia ndani na haurudi.

Mchoraji Mfaransa Yves Klein aliugua ugonjwa huu huu. Mwaka 1957 alitundika Milano mbao 11 za bluu tupu, zote kipimo kimoja, bila picha yoyote. Alichokitaka ni ule unga kama ulivyo kwenye bakuli la muuza rangi. Yeye na Edouard Adam, muuza rangi wa Paris, walipata utomvu wa kutengenezwa uitwao Rhodopas M60A, ambao unashika chembe bila kuzizamisha, na mwaka 1960 akaandikisha mchanganyiko wake serikalini. Watu wanasema alivumbua bluu. Bluu ilikuwa dukani. Alichopata yeye ni gundi. Fundi rangi yeyote wa Majengo angemwelewa kuliko wengi wa wanaoandika habari zake.

19 Julai

Rafiki yangu mwenye studio ya picha kasema niachane na sabuni nitumie bluu ya Prussia, ile iliyopatikana Berlin karibu 1706 baada ya mtu kutumia potashi chafu. Anaipenda kwa sababu ya Hokusai, mchoraji wa Japani: lile wimbi kubwa la karibu 1831 limechapwa kwa bluu hiyo, na chini ya wimbi kuna mlima Fuji, mdogo, na theluji yake, ambao ukikunja jicho unaweza kuudhania Kibo. Ni kweli inavutia. Lakini bluu ya Prussia ni kinyume cha yangu: asidi haiidhuru, chokaa inaigeuza kahawia. Na ukuta wa shangazi ni wa chokaa.

Hapo ndipo akili ikafunguka. Chokaa ni rafiki wa ultramarini. Gundi iwe ya chokaa.

22 Julai

Maziwa mgando, yaliyotolewa siagi, yamechujwa kwenye kitambaa usiku kucha. Asubuhi vijiko 5 vya ile jibini kwa kijiko 1 cha chokaa iliyolowekwa. Koroga. Mwanzoni ni mabonge, unajilaumu kwa kupoteza maziwa, halafu kama dakika tano mabonge yanayeyuka yenyewe na kuwa ute mzito unaovutika kama mlenda. Punguza kwa maji, tia bluu.

Nimepaka hadibodi, nikaiacha juani. Ilipokauka nilikwenda kumwita shangazi jikoni bila kusema neno. Akaja na mwiko mkononi. Akaitazama. Akaigusa kwa kidole, akakitazama kidole: kisafi.

"Ndiyo hiyo," akasema, akarudi kwenye pilau.

2 Agosti

Nimekwangua rangi ya zamani, nimeziba nyufa, msasa, koti mbili za chokaa. Mlima umetoka asubuhi tatu mfululizo, nimesimama juu ya paa la mgahawa na daftari. Nilichoandika: kilele si cheupe, ni bluu iliyotiwa maziwa. Mawenzi, kile kilele cha pili, ni nyeusi zaidi kuliko Kibo. Chini kabisa, kwenye migomba, bluu inakwisha na hakuna rangi.

3 hadi 9 Agosti

Kazi. Ute wa maziwa hauvumilii kulala, kila siku napika mpya, jioni unanuka. Nane Nane sikupumzika. Pakiti 27 zimeingia ukutani. Wateja wanakula wamegeuza viti. Mzee mmoja kaniambia bibi yake alikuwa anasema wakoloni walitumia hii kwenye kola za mashati tu. Nikamwambia Wayoruba wa Nigeria waliipaka kwenye vichwa vya sanamu zao za mapacha, hiyo hiyo ya kufulia. Akasema, "Basi wao walikuwa na akili."

14 Agosti

Simu saa mbili asubuhi.

"Baba, njoo uone, mlima wako unatoa mba."

Nilijua kabla sijafika. Supu ya mbuzi. Mteja kabinya ndimu kwa nguvu, ikamruka. Madoa matano meupe chini ya Kibo, kimo cha meza, bluu imekufa hadi kwenye chokaa. Miezi miwili nimeshika kifuniko cha soda na ndimu mkononi, nimeandika humu kwamba asidi inaiua, halafu nimeipaka kwenye nyumba ya supu.

15 Agosti

Nimejaribu vanishi kwenye hadibodi. Imekuwa usiku wa manane, kama linsidi. Hapana.

16 Agosti

Tumekubaliana. Kuanzia sakafuni hadi mita moja nimepaka migomba kwa rangi ya mafuta, kijani cha gizani, ndimu ziruke zitakavyo. Meza za supu zimehamia upande wa mlango. Madoa matatu yamefunikwa na migomba. Mawili yalikuwa juu ya mstari, nikachukua brashi niyazibe, shangazi akanishika mkono.

"Hayo acha. Hilo la kushoto ni kwetu Kibosho, mama ameshawasha taa."

La kulia hajasema ni la nani. Zimebaki pakiti tatu. Binti yake amezichukua, kesho anafua mashati ya shule.